Mahali Pasipo na Pole

Gesti ya kwanza Penina aliyoipigia simu ilikuwa Bagamoyo, na kabla hajamaliza kusalimia, muziki ulimvamia sikioni. Mhudumu alilazimika kupaza sauti kumwambia kwamba vyumba vipo, na kwamba Ijumaa hiyo kungekuwa na bendi. Ya pili ilikuwa Kigamboni. Huko walimtajia bei, akashukuru kwa adabu, akakata, kisha akabaki ameitazama simu kama mtu aliyekaripiwa. Bei ya usiku mmoja ilikuwa mshahara wake wa wiki mbili.

"Kigamboni!" alisema Zahida, mwenye duka la steshenari ambamo Penina alikuwa akiendesha mashine ya kutoa nakala. "Wewe Kigamboni unamfuata nani? Kule siku hizi watu wanakwenda kupigwa picha."

"Nataka pawe patulivu tu, Dada Zahida. Na pasiwe ghali."

"Na bahari iwepo?"

"Iwepo."

"Basi Pangani. Marehemu baba alikuwa anatupeleka kila mwezi wa sita. Saa mbili usiku mji mzima umeshalala. Sisi watoto tulikuwa tunalia turudishwe Dodoma, na hii Dodoma wakati huo ilikuwa na nini?" Alicheka peke yake, akachukua karatasi iliyoharibika mashineni, akaandika namba nyuma yake. "Mpigie huyu, Mzee Shaaban. Mwambie umetoka kwangu, atakupunguzia. Asipokupunguzia, niambie."

Mzee Shaaban alipokea simu bila haraka.

"Shikamoo mzee. Naulizia chumba. Eti hapo kwako kuna utulivu?"

"Marahaba. Utulivu?" Sauti ilijaa kicheko. "Mama, utulivu upo mpaka wageni wengine wanaukimbia. Ukitaka kelele uje nazo mwenyewe. Chumba elfu thelathini, na chai ya asubuhi. Mko wangapi?"

"Wanne," alisema Penina. Kisha akasema, "Watatu. Samahani. Tuko watatu."

"Maana mkiwa wanne naweka godoro la ziada chini, halina malipo."

"Watatu, mzee."

Mashine iliendelea kutema nakala za mitihani ya shule fulani, moja juu ya nyingine. Zahida aliinama akaanza kuhesabu rimu za karatasi ambazo alikuwa amezihesabu asubuhi.

Sila alikuwa na miaka minne. Homa ilimchukua kwa siku mbili, mwaka jana mwezi wa nne. Siku ya pili Joel, baba yake, alikuwa Msalato na boza lake la maji, akishusha kwenye ujenzi. Mjomba wa Sila alimpigia akamwambia mtoto anaumwa kidogo, akipata nafasi aje nyumbani. Ndivyo watu wa huku wanavyofikisha habari za namna hiyo. Hakuna anayempa taarifa ya msiba mtu aliyeshika usukani. Joel akaona, kwa kuwa ni kidogo, amalize kwanza kushusha maji. Alipofika nyumbani Mkonze alikuta turubai limeshafungwa na viti vya plastiki vimepangwa uani.

Tangu siku hiyo hakuwahi kulitaja jina la mwanawe. Akilazimika sana alisema "yule". Alikula, alifanya kazi, alimkagua binti yao Dorkasi madaftari, alilala akiwa ameelekea ukutani. Penina alikuwa akiishi naye kama mpangaji mwenza mwenye heshima. Ila jioni moja mwezi wa tatu, akivua buti mlangoni, Joel alisema bila kuulizwa, "Natamani twende mahali ambapo hatujuani na mtu. Mtu akiniona asianze na pole."

Ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote alizomsikia akisema mwaka mzima. Penina aliishika hiyo hiyo. Alijiambia kwamba wakifika mahali pa namna hiyo, hata kwa siku tano, Joel atafungua mdomo. Na kama hata huko hatafungua, basi ajue moja.

* * *

"Nauli ya watatu kwenda na kurudi, na gesti, na kula," alisema Penina wakati wa chakula. Alikuwa ameandika kwenye kipande cha karatasi na kukiweka karibu na bakuli la mlenda. "Pesa yangu ya sare nilizoshona ipo. Ukiongeza ya posho yako ya mwezi huu, tunafika."

Joel aliisoma ile karatasi kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Pangani," alisema.

"Mama, bahari inaishia wapi?" aliuliza Dorkasi. Alikuwa na miaka tisa, na maji mengi kuliko yote aliyowahi kuyaona ni ya bwawa ambalo kiangazi lilikauka.

"Haiishii. Ukitazama huoni mwisho."

"Sasa watu wanajuaje pa kurudia?"

"Muulize baba yako, yeye ndiye mtu wa maji."

"Mimi nauza maji kwa lita," alisema Joel. "Hayo ya bure siyajui." Pembe moja ya mdomo wake ilicheza kidogo. Penina alishusha macho upesi kwenye sahani yake, asije akaifukuza.

Baadaye, akinawa, Joel aliuliza, "Watu tutawaambia nini?"

"Tutawaambia tunasafiri."

"Watauliza safari ya nini."

Penina hakuwa amelifikiria hilo. Mtaani kwao mtu alisafiri kuzika, kuoza, kuuguza, au kufuata kazi. Hakukumbuka hata nyumba moja iliyowahi kufunga mlango na kwenda mahali kwa sababu tu imechoka.

* * *

Aliyeuliza alikuwa Restuta. Huyu alikaa nyumba ya tatu kutoka kwao na ndiye aliyekuwa kiongozi wa akina mama wa kanisa pale mtaani. Wakati wa msiba wa Sila alishika daftari la rambirambi, akasimamia jiko, akalala chini na Penina siku tisa mfululizo. Alikuwa mwanamke wa kutegemewa kama ukuta, na kama ukuta, huwezi kumkwepa.

"Mama Dorkasi, nasikia mnasafiri," alisema, akiwa na beseni la alizeti kichwani. Upepo wa Juni ulikuwa unapuliza vumbi baridi barabarani, nao wakasimama kwenye jua la asubuhi, wakijikinga nyuma ya choo cha jirani. "Dorkasi kamwambia mjukuu wangu."

"Ndiyo mama. Huko Tanga."

"Kuna msiba?"

"Hapana, mama."

"Harusi?"

"Hapana."

"Nani anaumwa basi?"

Penina alifungua mdomo. Lile neno, kupumzika, lilikuwa pale pale kwenye ulimi. Lakini aliyekuwa mbele yake ni Restuta, na beseni lile lilikuwa la alizeti, na mwaka jana wanawake hawa waliuza alizeti kama hizo kwa bei ya kutupa ili sanduku la mtoto lipatikane siku hiyo hiyo. Angesemaje kwa mtu huyo kwamba fedha sasa ipo, na inakwenda kuliwa ufukweni?

"Ni mimi," alisema. "Tumbo linanisumbua. Kuna daktari huko."

"Limekuanza lini?"

"Si sana, mama. Kidogo tu."

Restuta aliteremsha beseni chini taratibu. "Na ulikuwa unatembea nalo hivyo hivyo, kimya? Na sisi tupo? Ee Mungu. Pole, mwanangu. Pole sana."

"Asante, mama," alisema Penina, na masikio yakamwaka moto.

* * *

Jumamosi saa nne asubuhi walikuja akina mama wa kanisa, kumi na wawili. Walivua viatu mlangoni, wakajaa sebuleni, wengine wakaketi mkekani. Penina alijaribu kuwaambia kwamba si kitu kikubwa, wakamwambia atulie, mgonjwa huwa haongei sana. Waliimba. Kisha Restuta akapiga magoti mbele yake, akaweka viganja viwili tumboni mwake juu ya kanga.

"Tunaliombea tumbo hili, Bwana. Umelifunga miezi kumi na minne. Lifungue tena, umpe mwingine wa kumfuta machozi."

"Amina," waliitikia wote.

Hapo ndipo Penina alipofahamu ugonjwa waliompa. Walikuwa wameuzungumza kwa muda mrefu, ilionekana, kabla hata yeye hajasema uongo wake. Walikuwa wamehesabu miezi. Viganja vya Restuta vilikuwa vya moto na vizito, na Penina alikaa chini ya uzito huo akitamani sakafu impokee.

Kisha ikatolewa bahasha. Restuta alisoma majina: huyu elfu tano, huyu elfu kumi, huyu elfu tatu na ataongeza. "Na yule bibi asiyeona, kule njia panda, ametuma elfu mbili na mayai manne. Amesema ule, upate nguvu za safari."

Mayai yalikuwa kwenye mfuko wa nailoni, yamefungwa kwa majani makavu yasivunjike.

"Nimempigia na Baba Dorkasi," Restuta aliongeza. "Si vizuri tukuombee mwenzako hayupo. Nimemwambia unaumwa kidogo, akipata nafasi aje."

Penina alimtazama. "Umemwambiaje?"

"Kidogo tu, mama. Sikumtisha."

Mwanamke aliyekaa karibu na dirisha akasema, "Mbona kafika zamani? Yule pale getini. Mbona haingii?"

Joel alikuwa amesimama nje ya geti, mkono mmoja umeshika nondo. Hakuwa anatazama dirisha wala mtu. Alikuwa anatazama mlangoni, lile lundo la ndala na viatu vya kike. Dorkasi alikuwa pembeni yake akimvuta shati, akisema, "Baba, twende ndani, baba," naye hakuonekana kusikia.

Penina alitoka bila kuaga. Alivuka uwanja peku.

"Joel."

Alimtazama kuanzia miguuni kwenda juu, polepole. "Unaweza kusimama," alisema.

"Siumwi."

"Restuta kanipigia."

"Najua. Siumwi hata kidogo. Nilimdanganya."

"Ndivyo mnavyosema." Sauti yake ilikuwa ya chini, karibu ya upole. "Mnaanza na kidogo. Niambie yote sasa hivi, Penina. Safari hii sikumaliza kushusha. Nimeacha bomba wazi, maji yanamwagika huko. Niambie tu."

"Nisikilize. Aliniuliza safari ya nini, nikashindwa kumwambia tunakwenda kupumzika. Nikaona haya. Nikasema naumwa. Hakuna kingine, naapa."

Alitikisa kichwa. Macho yalirudi kwenye viatu. "Watu wote hawa hawaji kwa jambo ambalo halipo. Hata yule..." Alikaza mkono kwenye nondo. "Hata siku ile mliniambia hivyo."

Penina alimshika mkono, ukawa mgumu na baridi kama ile nondo. Aliona kwamba angeweza kuapa pale getini mpaka jua lizame na Joel asingemwamini, kwa sababu aliwahi kuamini. Maneno yake peke yake hayakuwa na nguvu tena kwa mtu huyu. Iliyobaki ni njia moja, na ilipita sebuleni.

Alirudi ndani, akauacha mlango wazi.

"Mama zangu," alisema akiwa amesimama. Alikuwa mtu wa sauti ndogo, hata kanisani hawakumpa somo la kusoma. "Mimi siumwi."

"Kaa chini, mwanangu," alisema Restuta.

"Siumwi, mama. Tumbo langu ni zima. Nilikudanganya." Alipaza sauti ili ifike getini. "Siendi kwa daktari. Tunakwenda Pangani, mimi na Joel na mtoto. Tunakwenda kukaa tu."

Mmoja akauliza, kwa nia njema kabisa, "Kukaa, kufanya nini?"

"Kukaa, basi."

"Hotelini?"

"Gesti."

"Kama Wazungu," alisema mwingine pale mkekani, na msichana mdogo kuliko wote akacheka, akaziba mdomo kwa mtandio.

Restuta hakucheka. Alikuwa bado amepiga magoti pale alipokuwa ameombea, mbele ya kiti ambacho sasa hakikuwa na mtu. "Kwa nini hukuniambia mimi? Ningekukatalia?"

"Niliona haya. Mlituchangia."

"Tulimchangia mtoto wetu." Alinyanyuka kwa shida, akishika goti. "Sasa unakwenda kupumzika nini, Mama Dorkasi? Kwa nini usipumzike hapa, penye watu wako?"

"Hapa kila anayeniona ananipa pole, mama. Naamka, pole. Nakwenda bombani, pole. Joel hawezi kupita njiani. Tumechoka kupewa pole."

"Kwa hiyo sisi ndio tunaowachosha."

Penina alitaka kusema hapana. Neno hilo lilikuwa rahisi na lingeokoa mengi. "Ndiyo, mama," alisema, kwa sauti ndogo sana, akaogopa kuisikia.

Alimnyooshea ile bahasha. Restuta aliipokea, akaiweka ndani ya Biblia yake. "Itakwenda kwa mgonjwa," alisema. "Hawakosekani. Mayai mpikie mtoto, siwezi kumrudishia bibi wa watu mayai yake."

Kuagana mlangoni Mkonze huchukua nusu saa. Mtu huaga, akakumbuka jambo, akarudi, akaaga tena. Siku hiyo kuliisha kwa muda ule ule wa kuvaa ndala. Walipita karibu na Joel getini wakasema, "Haya, Baba Dorkasi," naye akasogea pembeni wapite.

Walipokwisha kuondoka alikuja kuketi kwenye kizingiti. Aliibana mikono katikati ya magoti.

"Kweli huumwi," alisema.

"Siumwi."

Alivuta pumzi mara mbili, tatu, kama mtu aliyetoka kisimani. Penina alikaa karibu naye akisubiri. Alidhani sasa ndiyo saa yenyewe. Joel alitazama geti, kisha akasimama akasema, "Nikafunge yale maji."

* * *

Yale maji walimkata kwenye posho, elfu sitini, na msimamizi alimwita mzembe mbele ya vibarua. Siku tano za Pangani zikawa tatu. Penina alimpigia Mzee Shaaban kumwambia, akijiandaa kuona aibu nyingine, lakini mzee alisema tatu si haba, na samaki wa kuwapikia alikuwa ameshaagizwa.

Wiki ile hakuna aliyebisha hodi. Akina mama walimsalimia kutoka mbali, "Salama, Mama Dorkasi?" na yeye akajibu salama, na ikaishia hapo. Hakuna aliyesema pole. Bombani walimwachia nafasi, akachota, akaondoka na ndoo yake. Ndicho alichokuwa ameomba. Jioni alikaa sebuleni akashangaa jinsi saa ya ukutani ilivyokuwa na sauti.

Asubuhi ya safari alikwenda kwa Restuta na ufunguo, kwa sababu kuku hawana likizo. Mara mbili njiani alikaribia kugeuka arudi. Restuta aliupokea, akautia kwenye pindo la kanga.

"Mtama uko wapi?"

"Nyuma ya mlango, mama. Kwenye ndoo ya bluu."

"Haya." Kisha, alipokuwa ameshageuka, "Mvalishe mtoto sweta, kuna baridi."

* * *

Pangani ilikuwa kama ilivyosemwa. Gesti ilikuwa na vyumba vinne, na vitatu vilikuwa vitupu. Mzee Shaaban aliwaonyesha choo, akawaonyesha njia ya kwenda ufukweni, hakuwauliza kitu. Muuza mihogo hakuwauliza kitu. Siku ya kwanza Joel alilala mchana kutwa. Siku ya pili waliketi watatu kwenye mkeka chini ya mti wa mvinje, wakitazama mbele kama watu wanaosubiri basi. Dorkasi alichota mchanga, akauliza maswali yake, akachoka kuuliza. Penina alikunja na kukunjua kitambaa cha mkate. Walikuwa wamefika mahali ambapo hakuna anayewajua, na sasa aliona kilichokuwemo humo. Hapa hapakuwa na hata mtu mmoja aliyewahi kumwona Sila akikimbia. Kama Joel asingesema, hakuna mwingine ambaye angesema. Usiku alilala akiusikiliza mgongo wa mumewe, akihesabu nauli waliyotumia kuuleta ukimya wao baharini.

Siku ya tatu asubuhi maji yalikuwa yamekupwa. Yalikuwa yamekwenda mbali sana, yakaacha mchanga mweusi uliolowa, mpana kuliko shamba lolote. Joel alikunja suruali mpaka magotini akaondoka bila kusema aendako. Walimwona akipungua, akipungua, mpaka akawa kama kijiti kilichochomekwa pale ambapo maji yalianzia. Huko akasimama.

"Baba anaongea na nani?" aliuliza Dorkasi.

Penina alikaza macho. Joel alikuwa ameinua mikono, ameizungushia mdomoni, vile madereva wanavyoitana kwenye ujenzi. Upepo ulikuwa unapuliza kutoka kusini, ukiizoa sauti na kuipeleka kando, na vipande tu ndivyo vilivyowafikia.

Dorkasi alisimama. Aligeuka akamtazama mama yake kwa woga, kama aliyeona mtu mzima akivunja sheria ya nyumba.

"Mama. Baba anamwita Sila."

"Nasikia."

"Nikamsaidie?"

Alikuwa ameshapiga hatua mbili. Penina alimshika gauni. "Mwache kwanza," alisema. "Mwache aite mwenyewe."

Mtoto akarudi akaketi karibu naye, karibu sana. Kule mbali Joel aliita, akashusha mikono, akanyamaza muda ambao mtu humpa mwenzake ajibu, kisha akainua mikono akaita tena. Maji yalianza kurudi. Yalimfika vifundoni, yakampita, yakaendelea kuja kuelekea kwao, na yeye alikuwa bado anaita.